Mvua ya Mei: Hija Yetu ya Miguu Kutoka Kisumu Hadi Namugongo



Wapendwa waumini, wanakwaya wa zamani na wa sasa, Kamati ya Jubilei ilipogawa kazi za kijitabu hiki, sisi wa ofisi ya katibu tulipewa kuandika historia ya hija ya mwaka 2018. Tulidhani ni kazi ya jioni moja. Daftari la kumbukumbu lipo, picha zipo, na walioenda wengi wao bado wanaimba nasi. Lakini tulipolifungua daftari tulikuta sentensi moja iliyotufanya tuweke kalamu chini: "Wanakwaya wote 23 walitembea kwa miguu kutoka Kisumu hadi Namugongo." Sentensi hiyo ilisomwa kanisani mbele yenu nyote. Ikanakiliwa katika ripoti za mwaka, na kila mgeni anayetutembelea huambiwa hivyo. Si kweli. Tutafika hapo, lakini kwanza turudi nyuma kidogo, kwa sababu watoto wa utotoni mwa kwaya hii sasa wana watoto wao na hawajui tulianzia wapi.

Kwaya yetu ilizaliwa mwaka wa Jubilei Kuu ya 2000, ndiyo maana miaka yetu 25 imeangukia tena katika mwaka wa jubilei ya Kanisa lote. Mwaka huu wa 2025 una uzito mwingine kwetu watu wa Kisumu. Imetimia miaka 100 tangu Prefektura ya Kavirondo iundwe mwaka 1925 chini ya Monsinyori Gorgonius Brandsma, ile iliyokuja kuwa jimbo mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 1990.

Wapo wanaouliza kwa nini Mkatoliki wa Kisumu atembee hadi Uganda wakati tuna madhabahu ya Bikira Maria kule Subukia, hapa hapa nchini. Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba imani ilitufikia kutoka upande ule. Mwaka 1895 Askofu Henry Hanlon na mapadre wanne wa Mill Hill walifika Buganda baada ya kutembea kwa miguu kutoka Mombasa, wakaweka makao Nsambya, Kampala. Wakati huo pwani yetu hii ya ziwa ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Ilihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902 tu, miezi michache baada ya reli kufika ziwani. Mwaka 1903 wamisionari hao wa Mill Hill wakaanza kazi Kisumu, na hadi 1925 Mkatoliki wa hapa alikuwa chini ya askofu aliyekaa Kampala. Babu zetu waliobatizwa siku zile walibatizwa na Kanisa lililokuwa bado na harufu ya moshi wa Namugongo. Tukielekea Uganda kwa miguu tunarudi nyumbani kwa waliotulea.

Habari za mashahidi wenyewe mnazijua, hatutazirudia zote. Tutataja jambo moja ambalo mahubiri mara nyingi hupita haraka: na wao walitembezwa. Hukumu ya Kabaka Mwanga ilitolewa Munyonyo, kando ya ziwa hili letu, tarehe 26 Mei 1886. Kutoka hapo walifungwa kamba wakaongozwa kwa miguu kuelekea Namugongo, na si wote waliofika. Ponsiano Ngondwe aliuawa siku ile ile. Athanasi Bazzekuketta na Gonzaga Gonza waliuawa tarehe 27 wakiwa njiani. Matia Mulumba aliachwa afe taratibu Kampala. Waliofika walikaa wamefungwa kama wiki moja kuni zikikusanywa, na tarehe 3 Juni Karoli Lwanga akachomwa peke yake kwa moto wa polepole, kisha wenzake, akiwamo Kizito, kijana wa miaka kama 14. Ukitazama tarehe hizo utaona kwamba njia yao ilikuwa ya mwisho wa Mei, majira yale yale ambayo mahujaji wa leo huwa barabarani. Mvua ya Mei ni ya zamani katika hija hii.

Sasa mwaka 2018. Mtakumbuka masika ya mwaka ule. Kuanzia Machi mvua haikupumzika karibu nchi nzima, na usiku wa tarehe 9 Mei bwawa lilipasuka Solai, si mbali na Subukia, likaua watu zaidi ya 40. Kwetu ilikuwa Nyando. Mto Nyando hukusanya maji ya milima ya Nandi na Londiani, kisha huyamwaga ghafla kwenye uwanda wa Kano, ambao ni tambarare kama meza na udongo wake mweusi haunywi maji haraka. Ndiyo maana mtu wa Kano anaweza kulala bila tone la mvua na kuamka vyombo vinaelea. Mwezi ule wa Mei tulikuwa na jamaa zetu, ndugu wa damu wa wanakwaya watatu, waliokuwa wakilala madarasani na mbuzi wao.

Kwaya ilikuwa tayari imepanga kwenda Namugongo kwa basi. Katika mazoezi ya Alhamisi moja, besi mmoja (huyo huyo ambaye huchelewa kila mazoezi) akasema, kama ni kwenda, twende kwa miguu, na kila mmoja wetu atafute watu wa kumwahidi pesa kwa kila kilomita, tuwanunulie watu wa Kano magodoro na mabati. Tulicheka. Wiki iliyofuata hakuna aliyecheka. Tukapiga chapa karatasi za ahadi: jina la mhujaji, jina la mfadhili, shilingi ngapi kwa kilomita, na nafasi ya sahihi. Wapo walioahidi shilingi 50, wapo walioahidi 2. Tulikadiria njia kuwa kilomita 300 hivi: kama 110 hadi Busia, na karibu 200 kutoka mpakani.

Baba Paroko alitubariki Jumapili ya Pentekoste, 20 Mei. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tukishuka kuelekea Kisian, watu 23, gari moja dogo la mizigo, ngoma mbili na kayamba nne.

Lazima tueleze kidogo kuhusu mvua ya ziwa hili, kwa sababu ndiyo iliyopanga safari kuliko kamati. Mchana jua hupasha nchi kavu joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya nchi kavu hupanda, na upepo wa ziwani huvuta unyevu kuja upande wetu. Ukikutana na vilima vya Nandi, Maseno na Kericho, mawingu hujengeka na saa tisa au kumi mchana yanafunguka, mara nyingi kwa radi na hata mawe. Kila mama anayeanika omena anajua saa ya kuanua. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto, hewa hukutana katikati ya maji, dhoruba huzaliwa huko na kusukumwa na upepo wa mashariki kwenda ng'ambo. Kwa hiyo upande wa Uganda, hasa karibu na ziwa, mvua nyingi hufika usiku wa manane na alfajiri.

Sisi tulipanga safari nzima kwa mvua ya Kisumu. Tulisema tutaanza saa kumi na moja alfajiri na kufika mahali pa kulala saa saba au nane mchana, kabla mbingu hazijafunguka. Kwa siku nne za kwanza tulijiona werevu sana.

Siku ya kwanza tulipanda kilima hadi Maseno, tukavuka mstari wa ikweta tukiimba, tukalala Luanda. Mvua ilikuja saa kumi jioni, sisi tumekaa chini ya paa la kanisa tukinywa chai. Siku ya pili ilitukuta kabla ya Ugunja, ikiwa imewahi kwa saa moja, na hiyo ilitosha kutufundisha mambo kadhaa. Mifuko myeusi ya takataka tuliyoitoboa kwa shingo na mikono haisaidii mtu anayetembea. Jasho hukulowesha kwa ndani sawasawa na mvua ingalivyokulowesha kwa nje. Soksi za pamba zikilowa huchuna ngozi. Na ngoma ya ngozi ikinyeshewa hulegea, ukiipiga inatoa sauti kama ya kupiga godoro. Jioni ile tulizungusha ngoma zetu mbele ya jiko la kuni la mama wa kigango mmoja mpaka zikakaza, na mwenye ngoma akakesha nazo kama mtu anayelinda mgonjwa. Tangu siku hiyo ngoma zilisafiri kwenye gari, zimefungwa turubai. Kayamba hazikupona, matete yalivimba na mbegu zikagandana.

Kuhusu miguu tusiseme mengi. Malengelenge tuliyatoboa kwa sindano iliyochomwa moto, tukapitisha uzi na kuuacha ndani ili maji yatoke bila ngozi kuchunika, kama tulivyofundishwa na muuguzi mmoja wa sauti ya pili. Usiku viatu tulivijaza magazeti yanyonye maji. Wawili walioacha raba zao na kutembea kwa patipati walichekwa hadi Bumala, lakini baada ya Bumala wao ndio waliokuwa wakicheka.

Alhamisi tulifika Busia. Kituo cha pamoja cha mpaka kilikuwa kimezinduliwa Februari mwaka huo huo, na kwa mara ya kwanza tuligongewa mihuri ya nchi mbili chini ya paa moja. Afisa mmoja alituuliza tumebeba bidhaa gani. Tukamwonyesha daftari za nyimbo. Akatuomba wimbo mmoja, tukaimba, akatuambia tupite.

Ijumaa na Jumamosi ndizo siku ambazo jua lilituonea. Kati ya Busia na Bugiri kuna vipande virefu vya barabara visivyo na mti wa kivuli, na baada ya mvua ya usiku mvuke ulikuwa ukitoka kwenye lami. Watu husimulia dhoruba kwa sababu zina kelele, lakini aliyetupunguza nguvu kwanza ni jua lile. Soprano wawili walianza kutapika. Jumapili ya Utatu Mtakatifu, 27 Mei, tulipumzika Bugiri, tukaimba misa na parokia ya pale, na ndipo tulipogundua kwamba sauti ya kwanza haipo. Wote walikuwa wamekauka koo. Mwalimu wa kwaya akashusha ufunguo mara mbili na bado haikusaidia.

Kutoka Bugiri mvua ya ng'ambo ikatushika. Ikawa saa kumi na moja alfajiri, saa yetu ya kuondoka, ndiyo saa ya mvua. Kungoja ina maana ya kutembea kwenye jua la mchana na kuchelewa kufika. Kuondoka ina maana ya kulowa kabla ya kilomita ya kwanza na kubaki na nguo mbichi hadi jioni. Tulijaribu yote mawili. Tulipita Idudi na Iganga tumelowa, tukipita nchi ya Busoga, ambako Askofu James Hannington wa Kianglikana aliuawa Oktoba 1885. Ni kwa kumkemea Mwanga juu ya mauaji hayo kwamba Yosefu Mukasa Balikuddembe naye alikatwa kichwa mwezi uliofuata, akawa wa kwanza wa mashahidi wetu. Baba aliyetuongoza sala alitusimulia hayo tukiwa tumejibanza kwenye veranda ya duka la simenti. Hatudhani kuna aliyewahi kusikiliza katekesi kwa makini kiasi kile, maana hapakuwa na pa kwenda.

Jumatano tulipita mashamba ya miwa ya Kakira tukaingia Jinja. Alhamisi, tarehe 31, tulivuka Nile juu ya bwawa la zamani la mwaka 1954, askari wakitukumbusha kwamba picha haziruhusiwi. Daraja jipya lilikuwa likionekana upande wa pili likiwa karibu kukamilika. Lilifunguliwa Oktoba mwaka ule. Tulikuwa tumechelewa. Mvua ya alfajiri iliyoanza saa tisa usiku ilikuwa haijakatika hadi saa nne asubuhi, na tukakubaliana kungoja. Uamuzi ule wa kungoja ndio uliotuingiza Msitu wa Mabira jioni.

Wanaoijua Mabira wanajua barabara ilivyo. Miti mirefu pande zote mbili, pembe za lami zimemegeka, na malori yanayotoka Mombasa yakienda Kampala hayana pa kukukwepa. Tulipofika Najjembe, pale wanapouza kuku wa kuchoma na ndizi, ilikuwa karibu saa kumi na mbili jioni na mawingu yalikuwa yamekwisha kuufunika msitu. Kisha ikaja. Hatujapata kuona mvua ya namna ile, na sisi ni watu wa Kisumu. Maji yalikuwa yakitembea barabarani hadi kwenye vifundo vya miguu. Gari letu la mizigo lilikuwa limetangulia Lugazi na simu hazikushika. Wenzetu wawili walikuwa na homa, mmoja akitetemeka hadi meno yanagongana. Hadi Lugazi zilibaki kilomita zisizozidi 10.

Hapo tukagombana. Tunaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu ripoti inasema "tulitafakari pamoja." Wapo waliosema hakuna mtu aliyeahidi pesa ili watu wafe. Wapo waliosema kwamba tumekuja kilomita 230 kwa miguu, tukipanda gari sasa tutawaambia nini watu wa Kano. Sauti zilipanda. Tena mmoja alimwambia mwenyekiti neno ambalo baadaye aliliungama. Mwishoni tisa walipanda matatu hadi Lugazi, wakiwamo wagonjwa wawili, na 14 wakatembea.

Mkituuliza aliyeandika haya alikuwa katika kundi gani, hatutasema. Tulikuwa sisi tuliopanda, na tulikuwa sisi tuliotembea.

Sisi tuliopanda tulifika Lugazi kwa muda mfupi, tukapewa chai na mablanketi na masista, na hatukuweza kuinywa. Kila gari lililosimama tulitoka nje kutazama. Sisi tuliotembea tulishikana kamba ya turubai, mstari mmoja, aliye mbele na aliye nyuma wakiwa na tochi za simu ndani ya nailoni. Tuliimba kwanza, kisha tukaacha, kwa sababu tulihitaji kusikia malori. Lori moja lilipita karibu mno hata likamtupa mwenzetu mtaroni. Alitoka na goti lililochanika na, kwa neema ya Mungu, na hilo tu. Tulifika saa tatu na nusu usiku. Waliotangulia walikuwa wamesimama kwenye lango la parokia, mvuani, hawakutaka kuingia ndani.

Kwa maoni yetu ya leo, walioamua vizuri jioni ile ni tisa. Kutembea Mabira usiku, kwenye mvua, kando ya malori, lilikuwa kosa la uongozi, na kama lori lile lingekuja nusu mita zaidi kijitabu hiki kingekuwa na ukurasa wa aina nyingine. Tunalisema wazi kwa sababu kuna vijana wanaopanga kwenda tena na wanalisimulia lile kama ushujaa.

Ijumaa tulitembea wote hadi Mukono, mmoja akiwa bado na homa lakini amekataa kabisa kubebwa. Jumamosi, 2 Juni, tuliingia Namugongo katikati ya umati ambao hatuwezi kuueleza, watu kutoka kila pembe ya Uganda, Tanzania, Rwanda, Kongo, na Wakenya wenzetu tuliowatambua kwa Kiswahili chao. Tuliiona basilika na nguzo zake 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Tulikuwa tumejiandaa miezi mitatu kuimba nyimbo nne kando ya ziwa dogo la pale usiku wa mkesha. Tuliimba moja, kwa sauti ya chini, besi wakibeba karibu kila kitu. Mtu mmoja kutoka Masaka alisimama akasikiliza hadi mwisho, kisha akatuuliza kama ni wimbo wa msiba. Hapana, tukamwambia, ni wa furaha.

Tulirudi kwa basi. Na hapa ndipo jambo lenyewe.

Ripoti ilisomwa Jumapili ya pili baada ya kurudi. Sentensi ile ikawa ndani yake. Hatuamini aliyeiandika alitaka kudanganya. Alikuwa amechoka, na kusema "wote 23" kulisikika vizuri. Kanisa lilipiga vigelegele. Wale tisa walikuwa wamesimama jukwaani pamoja nasi, wakitazama viatu vyao.

Siku ya Jumanne, mmoja wa wale tisa, msichana wa sauti ya kwanza aliyekuwa kidato cha nne, alichukua karatasi yake ya ahadi akaenda soko la Kibuye. Mfadhili wake mmoja alikuwa bibi wa jumuiya yake anayeuza omena, aliyeahidi shilingi 5 kwa kilomita. Msichana mwenyewe ndiye aliyetusimulia.

"Dana," alimwambia, "nimekuja kuchukua ahadi, lakini si yote. Kuna mahali nilipanda gari."

"Mahali pa urefu gani, nyathina?"

"Kama kilomita 9."

Bibi hakuuliza kwa nini. Alichukua kipande cha karatasi ya kufungia omena akapiga hesabu: 300 kutoa 9, mara 5. Akamhesabia shilingi 1,455, kisha akamwambia amwandikie risiti ya 1,455 hasa, na chini yake aandike kilomita 291. Alipoambiwa vitabu vya kwaya vinasema 300, alisema yeye hajali vitabu vya kwaya vinasema nini, risiti yake itasema alicholipa na alicholipia.

Baada ya hapo wengine wanne kati ya wale tisa walifanya vivyo hivyo kwa wafadhili wao. Wafadhili wengi walilipa yote, wawili walikata, na mmoja aliongeza. Mweka hazina wa wakati ule alijikuta na risiti ambazo hazilingani na ripoti, akaileta hoja mbele ya kamati. Kamati iliona aibu. Ripoti ilikuwa imekwisha kusomwa kanisani, na kuirekebisha kulionekana kama kuwaaibisha wale tisa. Ikaamuliwa "jambo liachwe." Maneno hayo mawili yako katika kumbukumbu za kikao cha Juni. Tunadhani kamati ilikosea kuhusu aibu ni ya nani. Wale tisa walikuwa wamekwisha kusema ukweli, sokoni, mbele ya wateja.

Pesa zilikwenda Kano. Magodoro na mabati yalinunuliwa na kukabidhiwa kupitia parokia, na risiti zake zote zipo. Hilo halina tatizo lolote na hatutaki mtu aondoke na shaka.

Hatukutembea tena miaka iliyofuata kwa idadi ile. Mwaka 2020 hija ya hadhara ya Namugongo ilifutwa kwa sababu ya korona, mwaka ule ule ziwa lilipopanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu kidogo ya rekodi ya 1964, na watu wa Dunga na Kusa wakahama kama walivyohama watu wa Nyando. Mwaka 2021 ni watu wachache tu walioruhusiwa. Kuanzia 2022 baadhi yetu wameenda tena, wengine kwa basi na wengine kwa miguu kutoka Busia. Kwa watakaotembea tunaomba mambo matatu ambayo tungepaswa kujua: baada ya Bugiri badilisheni saa zenu, msiingie Mabira baada ya saa nane mchana, na karatasi ya ahadi iwe na safu ya kilomita zilizotembewa kweli, ijazwe na mhujaji mwenyewe.

Yule msichana sasa ni mwalimu wa chekechea na anafundisha sauti ya kwanza. Bibi wa Kibuye bado anauza omena, na tulipomwendea kumwomba ruhusa ya kuandika habari hii alikubali kwa sharti kwamba tusitaje jina lake na tusikosee hesabu.

Kwa idhini ya kamati ya sasa, ukurasa wa 41 wa daftari la kumbukumbu umewekewa karatasi ya marekebisho yenye sahihi ya mwenyekiti, mweka hazina na katibu. Inasema wanakwaya 23 waliondoka Kisumu tarehe 21 Mei 2018 na 23 wakafika Namugongo tarehe 2 Juni. Kwamba 14 walitembea njia yote. Na kwamba 9 walipanda gari kutoka Najjembe hadi Lugazi jioni ya tarehe 31 Mei kwa sababu ya mvua na ugonjwa. Daftari litakuwa mezani ukumbini siku nzima ya sherehe, karibu na keki, kwa yeyote anayetaka kulisoma.